Kengele ya Kuanulia Karafuu

Tanga, 2 Oktoba 1960

Kwa Shangazi Agnesi Mwatum,
Kanisa la Kilimani, Wete, Pemba.

Shikamoo Shangazi,

Simu ya kifo cha Padre Nyange ilinifikia siku ya nne, naye keshazikwa. Mkuu wa shule alininyima ruhusa, na hata angenipa, chombo cha Wete kilikuwa kimeshaondoka. Nililia peke yangu chumbani mpaka walimu wenzangu wakagonga mlango. Wewe unajua: baba alinizaa, lakini aliyenifanya mtu ni Padre Silvano Nyange. Bila yeye ningekuwa juu ya mkarafuu wa watu mpaka leo.

Sasa iko kazi. Mhariri wa gazeti la kanisa ameniomba niandike maisha ya marehemu, ukurasa mzima pamoja na picha. Naomba unisaidie, maana wewe ndiwe uliyemtunza na kumpigia kengele miaka yote hiyo. Nataka kujua alizaliwa lini hasa, maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi, nani walikuwapo kitandani, kengele ya mauti ilipigwaje na watu walikujaje. Nakuomba sana yawe maneno ya heshima. Gazeti lile linasomwa hata na Askofu.

Nikwambie na siri. Jina langu limo katika orodha ya watakaopelekwa kusomea ukasisi, na mahojiano ni Januari. Padre alilitamani jambo hili kuliko mimi mwenyewe.

Mwanao,
Filemoni Mjaka


Wete, 13 Oktoba 1960

Filemoni mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta pahala unaponiuliza hali yangu. Sikupaona. Basi mimi mzima, goti la kushoto linauma, na kuku wawili wamekufa. Hayo usiyaandike gazetini.

Umeuliza kuzaliwa. Hakuna ajuaye. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa Kiuyu mwaka ambao karafuu zilikataa kuzaa, na ukimwuliza ni mwaka gani huo, hujibu kwamba karafuu hukataa mara nyingi. Andika upendavyo.

Maneno ya mwisho. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na dirisha wazi kwa sababu alikataa katakata lisifungwe. Nilikuwa namnywesha uji. Akageuza uso dirishani akasema, "Mwatum, wingu lile la upande wa Kiuyu silipendi." Nikachungulia. Hapakuwa na wingu, mbingu nyeupe. Nilipogeuka kumwambia hivyo, alikuwa keshakwenda. Ndiyo hayo, sina mengine.

Kengele. Hapa unisikilize, maana naona Tanga imekusahaulisha. Sisi Kilimani kengele ina kazi mbili. Iko ya sala, nayo huja watu kumi na wanane. Na iko ya kuanulia, nayo huja mtaa mzima. Msimu ulikuwa umechanganya, na ile sakafu ya skuli isiyopata kuta, pale uani pa kanisa, ilikuwa imejaa karafuu za majirani pembe hadi pembe. Bi Bimkubwa peke yake ameanika majamvi manane. Mimi nikaenda nikavuta kamba polepole, pigo la mauti, kama Padre alivyonifundisha. Pigo la tatu halijatulia nikawaona wanakuja mbio, wanaume kwa wanawake, na magunia, na makapu, na mafagio, wanaitana, "Anueni! Anueni!" Sikuwahi hata kufungua kinywa. Kwa muda wa kula ndizi mbili sakafu ilikuwa tupu. Hapo ndipo Bi Bimkubwa aliponyanyua uso, jasho linamtiririka, akasema, "We Mwatum, mvua yenyewe iko pi? Mbona kweupe?"

Nikamwambia Padre amekufa.

Wakasimama vile vile na makapu yao vichwani. Kisha Bi Bimkubwa akatua lake akasema, "Basi na tufagie vyema, mtu atalazwa hapano." Wakafagia. Jeneza tuliliweka kwenye sakafu ile, na harufu ya karafuu ikanipa chafya katikati ya sala. Waliolibeba walikuwa watu wa vyama vyote vya siasa, na wewe hukuona siku hizi zilivyo: wa chama hiki hanunui hata chumvi katika duka la chama kile, na maziko watu wanakwenda kwa kuchaguana. Kwa Padre walikwenda wote. Jeneza lilipoinuliwa, Bi Bimkubwa akasema kwa sauti, "Leo umelala kweli, Mzee Usingizi," na wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo walivyomwita miaka yote, naye akicheka nao.

Mvua haikunyesha siku ile wala ya pili yake. Nakujua wewe. Usije ukaandika ilinyesha.

Shangazi yako,
Agnesi Mwatum


Tanga, 6 Novemba 1960

Shikamoo Shangazi,

Nakuomba radhi kwa kutokuuliza hali. Goti lako ulisugue kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kuku, pole.

Nashukuru kwa barua, ingawa niliomba heshima nawe umeniletea mafagio. Nimekaa nayo wiki mbili nikijiuliza nitafanya nini na watu wanaokuja mazikoni na magunia. Mwishowe nimenyoosha hapa na pale. Mwandishi ana ruhusa ya kunyoosha. Makala yametoka, nami nimekukatia kipande ukisome:

"Akiwa amezungukwa na waumini wake, aliinua macho akanena, 'Naliona wingu la utukufu.' Kengele ya kanisa, ambayo katika uhai wake hakuiruhusu kulia ila kwa ajili ya sala tu, ililia mara ya mwisho kwa ajili yake mwenyewe, na umati ukaja mbio ukibubujikwa na machozi. Ua wa kanisa, aliouweka mbali na shughuli za dunia, ulifurika. Hata mbingu hazikuweza kujizuia: mvua ilinyesha."

Wote wameyasifu. Mke wa mhariri alilia.

Lile jina la Mzee Usingizi sikuliandika. Sijapata kulisikia, wala silielewi. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kila siku ya Mungu, akaniamsha na mimi tusome, aitwe Usingizi? Majirani wamemkosea adabu, na wewe umekaa kimya.

Mwanao,
Filemoni


Wete, 28 Novemba 1960

Kwa Mwalimu Filemoni Mjaka,

Salamu katika Bwana. Hatujaonana, lakini mimi ndiye niliyepewa nafasi ya marehemu Padre Nyange hapa Kilimani. Nakuandikia kukushukuru kwa makala yako, ambayo yameniokoa.

Mwalimu, nilipofika hapa kutoka bara nilikuta ua wa kanisa ni uwanja wa kuanikia karafuu. Nilivumilia. Jumapili yangu ya pili, niko katikati ya mahubiri, yule mama mpiga kengele aliinuka akatoka, akaipiga kengele, na waumini wangu wote wakamfuata kwenda kuzoa karafuu za watu ambao hata si wa dini yetu. Nilibaki nayahubiria mabenchi. Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo alivyotaka marehemu. Kila nikigusa jambo hapa naambiwa ndivyo alivyotaka marehemu.

Ndipo gazeti likafika. Nimewasomea kanisani maneno yako wewe, mtoto wake wa kiroho, kwamba kengele hakuiruhusu kulia ila kwa sala na ua aliuweka mbali na shughuli za dunia. Kuanzia jana, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sakafu imezungushiwa fito na kamba ya kengele nimeiondoa, naifunga mwenyewe wakati wa ibada.

Kamati ya ukasisi imeniuliza habari zako kwa kuwa wewe ni mtoto wa kanisa hili. Nimekuandikia barua nzuri ya kukusifu, na makala yako nimeyaambatisha kama ushahidi wa moyo wako.

Wako katika kazi,
Padre Hezekia Duni


Wete, 9 Desemba 1960

Filemoni,

Sikuulizi hali na wewe usiniulize.

Jumanne mvua imenyesha. Ilikuja na lile lile wingu la upande wa Kiuyu. Majirani, walipozungushiwa fito, wameanika kando ya barabara, kule kwenye mteremko, na nusu yao walikuwa mashambani wanachuma. Mimi nililiona wingu mapema. Nikakimbia na goti langu hili mpaka kwenye kengele. Kamba hakuna! Filemoni, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mkristo, mjane, nimesimama chini ya kengele ya kanisa nairushia mawe. Nilirusha matano. Moja ndilo lililoipata, na mlio wake ulikuwa wa sufuria. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walisikia wa nyumba tatu tu.

Karafuu za nyumba saba zimekwenda na maji mtaroni. Zilizookotwa zimeota ukungu, hazina mnunuzi. Bi Bimkubwa alikuwa na zake zote pale, na ndizo alizokuwa akizitegemea mwaka mzima, yeye na wajukuu wanne. Sasa watu wananong'ona kwamba kanisa limeingia chama, na limefunga sakafu ili kuwakomoa wa chama kingine. Bi Bimkubwa alinipita njiani jana asinisalimu. Miaka thelathini tunagawana chumvi, amenipita kama mti.

Nimekwenda kwa Padre Duni. Kanisikiliza, si mtu mbaya, lakini kila nikisema ananionyesha gazeti. Nikamwambia habari hizo ni za uongo. Akaniuliza, "Mwalimu Mjaka ni mwongo?" Mimi nikanyamaza, maana wewe ni damu yangu. Nimejichukia kwa kunyamaza kule.

Nilikwambia mbingu zilikuwa nyeupe. Nilikwambia wingu la Kiuyu. Ukachukua wingu la watu ukalifanya la utukufu! Na katika watu wote walio hai, wewe ndiwe wa mwisho kuandika kwamba kengele ile haikulia kwa karafuu. Unajua ilianza lini. Unajua ilianza kwa nani.

Andika tena gazetini, useme kweli. Msimu haujesha, na mvua hazijesha.

Agnesi Mwatum


Tanga, 17 Desemba 1960

Shikamoo Shangazi,

Naomba radhi kabla sijasema neno, maana utakasirika.

Nimesikitika sana kwa karafuu za majirani, na kwa Bi Bimkubwa zaidi. Lakini mimi sikufunga sakafu. Mimi sikuondoa kamba. Niliandika maneno mazuri kumsifu mtu niliyempenda, kama waandikavyo watu wote juu ya wafu wao, na sasa naonekana mimi ndiye niliyeinyesha mvua.

Fahamu hali yangu. Padre Duni ameyaambatisha makala yale na barua yake kwa kamati. Nikiandika leo kwamba si ya kweli, nitakwenda kwenye mahojiano Januari nikiwa mwongo aliyejitangaza. Nani atampa mwongo kanisa? Kazi yote aliyoifanya Padre juu yangu itakuwa bure. Nisubiri. Nikishakuwa kasisi nitakuwa na sauti, na jambo la kwanza nitakalosema ni hilo la sakafu. Kwa sasa zungumza na Padre Duni taratibu, umpelekee hata maandazi.

Na lile la mwaka 1949, Shangazi, nakuomba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliachwa nitazame mbingu, nikapitiwa na usingizi, karafuu zikanyeshewa. Padre hakunikaripia hata neno moja, majirani hawakunisema, likaisha. Mwezi uliofuata nikaja huku kusoma. Usimtajie mtu. Limekwisha zamani.

Mwanao,
Filemoni


Wete, 29 Desemba 1960

Filemoni,

Maandazi nimempelekea. Amekula, na fito ziko pale pale.

Kwa mkono wa Soud, karani wa forodhani, nakuletea furushi. Mna vitu viwili. Cha kwanza ni kamba ya kengele. Nimeitoa stoo mwenyewe mchana kweupe, na Padre Duni akiitaka ibada ijayo kengele ataipigia kijiko. Cha pili ni daftari la ibada la 1949, mwandiko wa Padre Nyange. Lilikuwa katika takataka za kusafisha ofisi. Fungua mwezi wa Novemba, siku ya nne, Ijumaa.

Unasema lilikwisha zamani. Kwako wewe. Soma limekwishaje.

Mimi nililijua muda wote, na yeye alinikataza kusema. Sasa keshakufa, nami nimechoka kutii.

Shangazi yako


Tanga, 8 Januari 1961

Kwa Padre Hezekia Duni, Kanisa la Kilimani, Wete.
Nakala: kwa Mhariri wa gazeti, na kwa Kamati ya Ukasisi.

Padre,

Nakuandikia kufuta niliyoyaandika juu ya marehemu Padre Silvano Nyange.

Hakuzungukwa na waumini. Alikuwa na shangazi yangu, Agnesi Mwatum, peke yake. Hakuona wingu la utukufu. Alikuwa na wasiwasi na wingu la Kiuyu, kwa ajili ya karafuu za majirani. Waliokuja mbio hawakuja kulia, walikuja kuanua, kwa sababu kengele ile alikuwa akiwapigia kila mvua ilipotisha. Mvua haikunyesha. Nilikatazwa nisiandike hivyo nami nikaandika.

Sakafu ile aliitoa kwa majirani tangu ilipokauka saruji yake. Hilo nalijua kwa macho yangu. Lakini sababu ya kengele sikuijua yote mpaka juma lililopita, niliposoma daftari lake la ibada. Nanakili hapa bila ya kunyoosha:

"Ijumaa, 4 Novemba 1949. Sala ya adhuhuri, watu wanne. Majirani wamekwenda msikitini, wametuachia karafuu zao tuzitazamie. Mvua saa saba. Filemoni alikuwa mtazamaji, amelala. Kosa ni langu, namwamsha kabla ya jogoo kwa masomo, na mtoto wa watu hapumziki. Bi Bimkubwa amepoteza zote. Nimewaambia niliyelala ni mimi. Tangu leo wingu likija nitapiga kengele, tuwe tunasali au hatusali."

Filemoni huyo ni mimi, Padre. Watu walikwenda kusali sala yao wakatuamini na mali yao, nami nikalala juu ya kitabu. Yeye akaenda kusema ni yeye. Ndiyo maana majirani walimwita Mzee Usingizi mpaka siku anatoka nyumbani kwake kwa mara ya mwisho, na mimi nikaandika kwa shangazi kwamba wamemkosea adabu.

Ile barua nzuri uliyoniandikia kwa kamati, naomba uifute kama unaona sistahili. Lakini ziondoe fito. Uliziweka kwa ajili ya maneno yangu, na maneno yangu ni ya uongo.

Filemoni Mjaka


Tanga, 5 Februari 1961

Shikamoo Shangazi,

Goti vipi? Nauliza kwanza, uone nimejifunza.

Kamati imenijibu. Wameniambia nirudi mwakani, pale nitakapokuwa nimejua tofauti ya ushuhuda na hadithi. Mzee mmoja wao alikuwa na makala yangu mkononi na barua yangu ya kuyafuta mkono wa pili, akazitazama moja moja, akaniuliza, "Katika hawa wawili, nani ametuomba nafasi?" Mhariri naye ameichapisha barua yangu kwa mistari minne, chini ya tangazo la mishumaa. Mke wake hanisalimu tena. Padre Duni hajaniandikia hata neno, wiki ya nne sasa. Nimeudhika na kila mtu, na mtu wa kwanza ni mimi.

Usiku... hapana, si usiku tu. Hata darasani, watoto wakiwa wanaandika, namfikiria. Miaka kumi na moja amechekwa kwa jina langu. Kila mwaka nilikuwa namwandikia barua ya Krismasi ya kurasa tatu, najieleza mimi na mitihani yangu, naye ananijibu ukurasa mmoja: afya yake, mavuno, usiache kusoma. Hata mara moja hakuligusa. Nampenda na namkasirikia. Angeniachia aibu yangu mwenyewe niibebe, labda nisingejifunza kunyoosha mambo.

Nijulishe fito ziko wapi. Uchaguzi umepita salama hapo kwenu? Kamba nimeitundika ukutani, na wenzangu wanauliza ni ya nini.

Mwanao,
Filemoni


Wete, 16 Februari 1961

Filemoni mwanangu,

Goti afadhali. Mafuta ya nazi yamefaa, usijivune.

Uchaguzi umepita, nasi tumepita nao kwa shida. Hapa Kilimani hakuna aliyeumizwa, ila wanaoamkiana ni wachache.

Barua yako Padre Duni alikaa nayo mfukoni Jumapili tatu. Nilimwona akiitoa, akiisoma, akiirudisha. Mimi sikumwambia kitu, ila kila ibada nilipanda ngazi nikaipiga kengele kwa kijiko, kwa nguvu, mpaka akawa anaziba masikio. Jumapili iliyopita, baada ya sala, akatuambia tusitawanyike. Akatuma watu kwa Bi Bimkubwa, na kwa kina Mzee Ahmada, na kwa nyumba zote saba zilizopata hasara, waje sakafuni. Wakaja, wa chama hiki upande huu, wa chama kile upande ule, kila mmoja kanuna. Padre Duni akasimama kwenye fito zake akaisoma barua yako mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemeza kwinini. Alipofika kwenye mbingu kunyesha, watu wakaangua kicheko.

Alipofika kwenye daftari, Bi Bimkubwa akamsimamisha. "Rejea hapo," akasema. "Hapo pa kulala." Padre akarejea. Akamwambia rejea tena. Padre akarejea tena. Bi Bimkubwa akakaa chini pale pale kwenye saruji, miguu kainyoosha, akasema, "Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja mie namtania mtu hakulala! Hata siku ya kumtoa nimemtania! Na yeye achekaa tu!" Akalia, Filemoni, kilio ambacho siku ya maziko hakukilia. Nikaenda nikakaa karibu yake. Hakunisukuma. Baada ya muda akanipa ncha ya kanga yake nami nifute macho.

Mzee Ahmada ndiye aliyeanza kung'oa fito. Kisha wote, upande huu na upande ule, na Padre Duni mwenyewe kakunja mikono ya kanzu. Akasema sakafu iko wazi, na kengele italia wingu likija, ila anaomba, kama inawezekana, mbingu zimwachie saa ya mahubiri. Bi Bimkubwa akamwambia hilo akazungumze na mwenyewe aliye juu. Nakwambia yule padre anaanza kuwa mtu.

Kisha akauliza kamba iko wapi. Watu wote wakanitazama. Nikasema kamba iko Tanga.

Sasa nisikilize. Wamekupa mwaka mzima usio na la kufanya ila kufundisha. Skuli zenu zikifunga, njoo. Soud nimemkataza asiichukue ile kamba, usimpe yeye wala mtu mwingine. Ilete mwenyewe. Msimu ukianza majirani wataanika kama zamani, na Ijumaa watakwenda msikitini, na mtu wa kutazama mbingu utakuwa wewe. Kitabu usije nacho.

Bi Bimkubwa anakusalimu, lakini bado ana hasira, na nimekwambia mapema usije ukashangaa. Anasema lile jina Padre alikuwa amelishika tu, lina mwenyewe, na mwenyewe aje alichukue. Amekwisha kuwafundisha wajukuu zake wanne. Siku utakayoshuka gatini watakuwa pale wamejipanga, na utawasikia wanavyokuita.

Ukiitwa, uitikie.

Shangazi yako,
Agnesi Mwatum